Mistari ya Chaki Nyuma ya Mlango

Haya yalimkuta mke wa fundi cherehani wa mtaani kwetu, na mlango wenyewe bado upo.

Ilikuwa jioni kama jioni nyingine. Fundi alipinda suruali ya mwisho, akaipiga pasi, akachomoa waya ukutani. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa vifungo, alifagia vipande vya vitambaa. Wakafunga duka. Hawajafika mbali, fundi akasimama, akamgeukia mkewe.

"Mama, pasi imezimwa?"

Mtaani walimwita Fundi Hakika, wala si kwa kumsifu. Miaka sita alikuwa akirudi kuitazama pasi hiyo hiyo. Anafungua kufuli, anaigusa kwa mgongo wa vidole, anafunga, anafika kwenye kona, anarudi. Akilini aliona duka linawaka na watoto wa wapangaji wa juu wamelala. Alijua imezimwa, ila kujua hakukumsaidia kitu. Mama yake aliapa kwamba mwanawe karogwa na fundi wa ng'ambo ya barabara, akamzungusha kwa waganga watatu. Walimchanja, wakamfukiza. Siku aliyorudi kazini aliitazama pasi mara ishirini na moja.

Muuguzi wa kliniki ya akili ndiye aliyewaambia ukweli. Hakuna aliyemroga. Ni ugonjwa, akili inang'ang'ania wazo moja na kudai uhakika usio na mwisho, na una tiba. Daktari alimwandikia vidonge, muuguzi akampa mazoezi.

"Kila anaporudi kutazama, ugonjwa unashiba," alimwambia mke. "Na wewe, mama, kila unapomhakikishia unaulisha."

"Sasa nimnyime jibu mume wangu?"

"Mwambie, labda imezimwa, labda haijazimwa, twende nyumbani. Atahangaika. Usimkimbie. Kaa naye mpaka hangaiko lipungue."

Fundi naye aliambiwa ahesabu mara anazorudi. Kwa kuwa mfukoni hakukosa chaki ya kuchorea nguo, alichora mistari upande wa ndani wa mlango. Kumi na saba. Kumi na mbili. Tisa. Kwa miezi mitano ikapungua mpaka ikabaki miwili.

Basi jioni ile alipouliza, mkewe alimshika mkono. "Labda imezimwa, labda haijazimwa. Twende nyumbani, Baba." Fundi alitokwa na jasho, akasimama pale mpaka wapita njia wakaanza kuwatazama. Kisha akatembea. Hakurudi hata mara moja.

"Kesho nachora duara," alisema wakati wa kula, akicheka kama mtoto aliyefaulu. "Sifuri, Mama. Sifuri!"

Alilala, na asubuhi hakuamka. Moyo, walisema madaktari.

Wiki mbili baada ya mazishi mjane alifungua duka, maana nguo za watu zilikuwa zikingoja. Jioni akachomoa pasi, akafunga. Hajapiga hatua kumi, akasikia sauti ndani ya duka tupu.

"Mama, pasi imezimwa?"

Mwili ulimsisimka. Lakini sauti ile alikuwa ameililia siku kumi na nne. Akasogea mlangoni, akanong'ona, "Imezimwa, Baba. Nimeichomoa mwenyewe."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi. Asubuhi alikuta mstari mpya wa chaki nyuma ya mlango.

Kesho yake sauti iliuliza mara tatu. Akajibu mara tatu. Mistari mitatu. Wiki ilipokwisha ilikuwa inauliza mara ishirini, na si kwa utulivu tena. Ilikwaruza. Ilikuwa inalia.

"Hakika, Mama? Umegusa? Hakika?"

Alielewa. Mumewe alikufa ameushinda ugonjwa, na yeye alikuwa anamrudisha humo, jibu kwa jibu. Kumjibu ni kumtesa. Kutomjibu ni kumpoteza mara ya pili, na mara hii kwa mkono wake.

"Mama, imezimwa?"

Akaweka kiganja mlangoni. Machozi yalimtiririka.

"Labda imezimwa. Labda haijazimwa. Nenda nyumbani, Baba."

Kufuli likatikisika. Mlango ukasukumwa kutoka ndani. Mara moja. Mara ya pili. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikampiga puani. Vidole vilimwasha kushika ufunguo. Hakuushika. Hakukimbia. Alikaa naye.

Mlango ukapigwa polepole. Kisha kwa mbali. Kisha basi.

Asubuhi alifungua. Pasi ilikuwa baridi. Chaki ya marehemu ilikuwa nyumbani, kwenye koti lake, kabatini. Nyuma ya mlango, chini ya mistari yote, palikuwa na duara moja, limechorwa na mkono usiotulia.

Aligusa duara lile, vumbi jeupe likambaki kidoleni.

"Baba, umefika?" alinong'ona.

Duka lilikaa kimya. Alisubiri, akatamani kuuliza tena kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Hakuuliza mara ya pili.