Jeneza Lisilopokelewa

"Kisima anamwita Kunguru. Sema."

Gaspar Mihayo aliisogeza redio ya Motorola mdomoni.

"Kunguru hapa. Sanduku halijatoka. Kimetoka kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Jeneza."

Sanduku lile la baruti lilivushwa kutoka Kigamboni jana yake, likaingizwa katika nyumba moja ya Mtoni. Mwenyewe alikuwa Da Kosta, jasusi wa Kireno aliyejifanya mnunuzi wa korosho, aliyetumwa kuivuruga nchi inayowahifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji. Na asubuhi hii ya Jumapili, Septemba 1965, kutoka nyumba hiyohiyo walichomoza wanaume wanne wenye kanzu, jeneza mabegani, kitambaa cha kijani juu yake. Walishika njia ya Temeke, njia inayopita mlangoni mwa kanisa.

Zilibaki siku mbili watu wapige kura. Chama kimoja, wagombea wawili: jembe na nyumba. Wa jembe Mwislamu, wa nyumba mwalimu Mkristo. Wapo walionung'unika kwamba uchaguzi wa chama kimoja ni kiini macho, na Gaspar mwenyewe alikuwa na lake moyoni. Lakini juma lile vilitupwa vikaratasi misikitini na makanisani, kila upande ukiambiwa kwamba wenzao wananoa mapanga. Baruti ikilipuka kati ya waombolezaji na watu wanaotoka misani, nani atauliza habari za Mreno? Watu watachinjana kwanza.

"Sikiliza, Kunguru." Ilikuwa sauti ya Adelard, mkuu wake wa kazi. "Usilifunue hilo jeneza. Ukikuta maiti kweli, Mkristo wa serikali atakuwa amemvunjia heshima marehemu wa Kiislamu. Utakuwa umewamalizia kazi yao."

"Na nisipolifunua?"

"Tafuta njia. Nimemaliza."

Rahisi kusema hivyo ukiwa umekalia kiti! Ndani ya kanisa lile alikuwamo Anjelina, mke wa Gaspar, pamoja na binti yao Demetria, ambaye siku hiyo alikuwa anapokea komunyo ya kwanza.

Gaspar aliogopa. Risasi alikwisha kuzizoea. Hofu hii hakuwahi kuizoea.

Akaiwasha Vespa.

Aliwapata kwenye kijiwe cha kahawa cha Temeke. Wanywaji wote walikuwa wamesimama, na Mzee Mwinjuma, Mzaramo wa mtaa ule, alikuwa anakwenda mbio kutoa bega lake. Jeneza la Mwislamu halipiti hivihivi. Kila mwanamume hulipokea hatua mbili tatu, apate thawabu zake, ampishe mwingine.

Mbebaji wa mbele akamsukuma kwa kiwiko. "Tunatosha."

"Mwanangu, nipe nami—"

"Tunatosha, nimesema!"

Mzee akarudi nyuma. Gaspar aliyaona hayo. Watu gani hawa wanaokataa bega?

Kengele ya kanisa ikalia. Misa inakwisha. Pembeni ya barabara Peugeot 403 nyeupe ilikuwa inanguruma polepole, na ndani yake Da Kosta akitazama saa.

Bastola ya Walther ilikuwa kiunoni, haina faida yoyote. Hapo ndipo Gaspar alipokumbuka kwamba kabla hajawa mtu wa serikali alikuwa Mnyamwezi, mtani wa Wazaramo.

Akaitupa Vespa, akajilaza chali katikati ya barabara.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Mzaramo huyu amemaliza ng'ombe wa babu yangu, leo anajitia kufa! Hazikwi mpaka nilipwe!"

Kijiweni watu wakaangua kicheko. Mtani ana ruhusa msibani ambayo hata mkuu wa wilaya hana. Hurushiwa senti na tusi zuri, akapisha.

Wale wanne hawakurusha kitu.

"Toka, kafiri!" yule wa mbele akafoka. "Waislamu! Mnamwona Mkristo anavyoichezea maiti yenu?"

Kicheko kikakatika. Macho yote yakamgeukia Gaspar pale vumbini. Aliona mkono mmoja umeokota jiwe. Nimekwisha, alijiambia, na Demetria amekwisha.

Mzee Mwinjuma akasogea taratibu.

"Huyu Mnyamwezi ni mtani wetu," alisema. "Dini imeingiaje hapa? Hebu nambieni, marehemu mtoto wa nani?"

Wabebaji wakatazamana.

"Kazaliwa mtaa gani? Kasaliwa msikiti upi?"

Wa nyuma akaachia. Jeneza likaanguka kwa kishindo, nao wakatimua mbio. Kijiwe kizima kikawafuata.

Gaspar alitambaa mpaka kwenye jeneza, akatega sikio.

Tik. Tik. Tik.

Akanyoosha mkono. Mzee akaudaka.

"Usiguse. Nitafunua mie, mtani."

Akasema Bismillahi, akakivuta kitambaa. Sanduku. Waya. Saa ya mezani.

"Kimbia, mzee!"

"Nikimbie na magoti haya?"

Gaspar alikishika kifuko cha baruti kilichokuwa sandukuni. Akaapiza kwa Kinyamwezi. Akachomoa fataki, kile kiwashio cha baruti, akaitupa mtaroni mbali.

Ikapasuka huko. Tope likawarukia wote wawili.

Peugeot ikachomoka. Gaspar akaishika redio.

"Kisima! Peugeot nyeupe, inakwenda Chang'ombe!"

"Barabara imefungwa." Dakika zikapita. "Mreno tunaye."

Mzee Mwinjuma alikuwa anapangusa kofia yake. "Keshokutwa mie nampa kura mwalimu wenu," alisema. "Huyu wetu mvivu. Na wewe ukifa, Mnyamwezi, nitalala mbele ya jeneza lako. Mkeo aandae jogoo wa kunitoa njiani."

"Atakuwa jogoo mzee, mtani. Usubiri sana."

Gaspar aliwasha sigara, akaelekea kanisani bila haraka, mkono mmoja mfukoni.

Anjelina alimngoja langoni, amekasirika. "Komunyo ya mwanao umeikosa! Na hilo tope? Ulikuwa wapi?"

"Mazishini."

"Nani kafa?"

Alimwinua Demetria, gauni jeupe na tope vyote pamoja, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyekufa."