Picha Nambari Kumi na Nne

Kamera ilikutwa juu ya kiti, imepasuliwa tumbo.

Vijilango vyake viwili vilikuwa wazi, kimoja ubavuni na kingine chini, na bawaba ya kile cha chini ilikuwa imevunjika. Ilikuwa saa tisa alasiri, Jumamosi, katika stoo ya ukumbi wa kanisa mjini Homa Bay. Nje, wageni walikuwa bado wanagawiwa keki.

Inspekta Edith Obare aliinama akaitazama bila kuigusa. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika upelelezi na hakupenda harusi hata kidogo. Watu huchekeana siku nzima, alizoea kusema, halafu kesho yake wanaita polisi. Hawa hawakungoja hata kesho.

"Kimeibwa nini?"

"Memori kadi, afande," alijibu Javan, mpiga picha. "Picha zote za leo. Na betri."

"Kamera ni ya pesa ngapi?"

"Laki mbili na nusu."

"Na kadi?"

"Elfu tatu."

Sasa wewe niambie, ni mwizi gani huyo anayemwacha ng'ombe akaondoka na kengele ya shingoni?

Jibu lilikuwa tayari kwa Gordon, ndugu mdogo wa baba yake bibi harusi na mwenyekiti wa kamati. Alikuwa amejaa mlangoni, tai imelegea.

"Mwizi ni huyu huyu! Alitaka elfu themanini tukamkatalia. Ameficha kadi ili tuinunue. Mfunge pingu!"

"Elfu themanini za nini?"

"Siku nzima, kamera mbili, video, na ile droni ya kuruka. Yawa! Droni ya nini? Tunaoza msichana, hatupimi shamba. Nikamshusha mpaka elfu ishirini na tano. Masaa manne, picha ishirini na tano, basi. Kila picha elfu moja."

Gordon alisema hayo kwa fahari ya mtu aliyeshinda kesi. Edith akamgeukia Javan.

"Kamera ilipofunguliwa ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya jikoni, nakula samaki. Masaa yangu yalikuwa yameisha."

"Mbona hukuibeba?"

"Mikono ilikuwa na mchuzi, afande."

Bibi harusi, Lynnet, alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, gauni jeupe limejikunja magotini. Hakuwa analia tena. Alikuwa ameshalia hadi machozi yakaisha.

"Afande, kamera si yangu na keki siitaki," alisema. "Baba yangu alitolewa hospitalini masaa mawili tu ili anipeleke madhabahuni. Daktari ametuambia ukweli. Alitembea kwa miguu yake mpaka mbele, na mchungaji alikuwa amekataza simu kanisani. Hakuna mtu mwingine aliye na picha hiyo. Hakuna."

Edith alimzika baba yake mwenyewe mwaka jana na picha aliyobaki nayo ni ya kitambulisho.

"Zitapatikana," akasema, ingawa kazini alikuwa amejikataza kuahidi watu mambo.

Akarudi kwenye kamera.

"Javan, kutoa kadi kunakuchukua muda gani?"

"Sekunde mbili. Kwa kidole kimoja."

"Inakaa mlango upi?"

"Wa ubavuni. Wa chini ni wa betri."

"Mwenyekiti, umesikia?" Edith alimgeukia Gordon. "Huyu anaifungua kamera yake kila siku, kwa kidole kimoja. Avunje bawaba yake mwenyewe kwa nini? Aondoke na betri kwa nini? Aliyefanya hivi hakujua picha zinakaa wapi. Amefungua palipofunguka, akabeba kilichotoka."

"Basi ni mwizi mjinga."

"Si mwizi wa mali. Ni mtu aliyechukia picha. Nipe orodha ya hizo picha ishirini na tano."

Gordon akaitoa mfukoni shingo upande. Ilikuwa karatasi ya mistari ishirini na mitano, na mingine mingi iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Kwaya, imekatwa. Kina mama wa kanisa, wamekatwa. Nyanya wa pande zote mbili, wamekatwa.

"Nani alilalamika?"

"Uliza nani hakulalamika! Kamati imekaa wiki tatu. Ndiyo bajeti, afande. Nyanya wanaweza kupigwa na simu, bure."

Edith akaagiza kila aliyepiga picha za simu pale uwanjani aje nayo. Zilikuja simu kumi na moja. Nyingi zilikuwa na sahani za pilau na vidole vya wenyewe. Ya Liz, msimamizi wa bibi harusi, ilikuwa na kitu. Alikuwa amempiga Javan picha kutoka nyuma akiwa kazini, akipiga picha nambari kumi na nne: wazazi wa pande zote mbili.

Edith akaivuta ikawa kubwa. Baba yake Lynnet kwenye kiti. Mama yake pembeni. Halafu Susana, mama yake bwana harusi, na kando yake mzee nadhifu wa suti ya kahawia. Wote walitazama kamera isipokuwa Susana. Yeye alitazama kando, kwenye kiti cha plastiki ambapo ajuza mmoja alikaa peke yake.

"Ken," Edith alimwita bwana harusi. "Huyu wa suti ni baba yako?"

Ken Mirumbe akatazama. Akatazama tena.

"Huyu? Huyu ni Omanga. Ni dereva wa gari tulilokodi kuja nalo kutoka Kegonga."

"Dereva anafanya nini kwenye picha ya wazazi?"

Macho yote yakamwendea Gordon.

"Nilimwona mzee wa suti amesimama karibu na mama," alisema, sauti imeshuka. "Dakika zilikuwa zinakwisha. Nikamwambia, baba, ingia hapa. Akaingia!"

"Na wewe Ken hukuona?"

"Mimi na Lynnet tulikuwa ndani tunapanguswa jasho. Picha hiyo haikuwa yetu."

"Huyu ajuza kwenye kiti ni nani?"

Ken alimtupia Lynnet jicho.

"Ni Nyangi," alisema. "Kwetu Kuria kuna nyumba mboke. Mwanamke mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, apate watoto wa nyumba yake. Nyangi alimwoa mama yangu. Mirumbe ni jina la marehemu mume wa Nyangi. Aliyenizaa kwa damu hahesabiwi. Kwa mila, anayesimama mahali pa baba yangu ni yeye."

Lynnet aliinuka kwenye kreti.

"Uliniambia baba yako alikufa. Uliniambia huyu ni nyanya yako."

"Niliogopa."

"Kwamba nitakucheka?"

"Wewe, hapana. Kamati."

Hapo Javan akajipiga paji la uso. "Afande! Yule mama alinijia baada ya picha hiyo. Akaniambia, futa. Nikadhani hajapenda alivyotoka. Nikamwambia, mama, umetoka vizuri sana, na mimi nimelipwa ishirini na tano, siwezi kupunguza."

"Yuko wapi sasa?"

Wageni wa Kegonga walikuwa wameondoka nusu saa iliyopita, na dereva wao wa suti ya kahawia.

Asubuhi ya Jumapili gari la polisi lilipita Migori likapanda kuelekea Kegonga. Edith alikaa mbele. Nyuma walikuwa maharusi, na Javan aliyeletwa ili aitambue kadi yake, kamera mapajani, kijilango chake kimebanwa kwa plasta ya kidonda. Hakuna aliyeongea sana. Lynnet alishika simu yake njia nzima akingoja habari kutoka hospitalini.

Susana alikuwa uani akipeta wimbi. Alipoona gari la polisi hakukimbia. Aliweka ungo chini, akajipangusa mikono, akawangoja amesimama wima. Nyangi alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, amewapa kisogo.

"Mama Susana," Edith alianza. "Mimi ni Inspekta Obare, kutoka Homa Bay."

"Najua kile umekuja kutafuta."

Susana akafungua fundo kwenye pindo la leso. Ndani mlikuwa na kadi nyeusi ndogo na betri, vimefungwa kwa karatasi safi ya daftari.

"Umezitoaje?"

"Na pini ya nywele. Mlango moja ilikataa, nikasukuma ikavunjika. Sikujua picha iko kwa gani, nikabeba zote mbili."

"Kwa nini hukuitupa njiani?"

"Nitupe harusi ya mtoto wangu? Mimi si mchawi. Nilitaka ile moja tu isitoke."

"Unajua wizi ni kosa la jela?"

"Najua." Sauti yake haikutikisika, lakini machozi yalikuwa yameanza. "Madam, sikiliza. Mashemeji wa Nyangi wanataka shamba hili tangu Ken azaliwe. Wanasema Nyangi hana mtoto, hii nyumba ni tupu. Sasa picha ya harusi itatundikwa ukutani, kila mtu aione. Mimi, na mwanaume wa suti. Si wataenda nayo kwa chifu? Waseme, tazama, Ken ana baba mwingine, si mtoto wa hapa? Nilimwambia yule mzee wa kamati, huyu si baba. Akasema, mama, saa inaenda, cheka. Kwa wakwe nitapiga kelele? Nikacheka."

Akaelekeza mkono mlangoni.

"Huyo alitoa ng'ombe kumi na mbili kwa ajili yangu. Alimbeba Ken mgongoni kwenda kliniki nikiwa mgonjwa. Jana alivaa viatu, yeye hajawahi kuvaa viatu. Tuliporudi alisema neno moja tu. Amesema, basi nimekufa. Tangu hapo hajaongea, hajala."

Edith alikuwa amewahoji wauaji bila kupepesa, lakini sasa alijikuta anatafuta kitambaa mfukoni.

Javan alipachika betri na kadi, akawasha. Alipitisha picha moja baada ya nyingine, kisha akamgeuzia Lynnet kioo cha kamera. Alikuwapo baba yake, suti imempwaya, mkono wa binti yake kwapani, anatembea. Lynnet aliiangalia muda mrefu akapitisha mkono juu yake kana kwamba anafuta vumbi.

"Mlalamishi ni wewe, Javan," Edith alisema. "Kadi ni yako, kamera ni yako."

"Kadi nimeipata, afande. Bawaba nitaitengeneza. Mama alikuja akaniambia futa, mimi nikahesabu pesa. Shitaka lipi nitaandika?" Akabonyeza kitufe. Picha nambari kumi na nne ikafutika mbele ya macho ya Susana.

Edith akampigia Gordon simu kumwambia picha ile imefutwa. Alisikiliza kidogo, akasogeza simu mbali na sikio.

"Anauliza kama hiyo elfu moja inarudishwa," akasema, akakata.

Kicheko kiliwatoka wote, hata Susana na machozi yake. Kisha Lynnet akasema kwa uchungu, "Tulibishana bei ya picha wiki tatu. Hakuna siku hata moja tuliyouliza ni nani anapaswa kuwa ndani."

Akavua viatu vyake vya visigino, akavuka ua peku, akapiga magoti mbele ya yule ajuza aliyewapa kisogo.

"Baba," aliita.

Nyangi hakugeuka.

"Baba, mpiga picha amekuja. Baba wa kwetu alipigwa picha jana. Umebaki wewe."

Ken akapiga hatua, na Edith akamzuia kwa mkono.

"Ni nani ananiita hivyo?" sauti kavu ikauliza.

"Ni Lynnet. Mke wa mtoto wako."

Ajuza aligeuka polepole. Alimtazama yule msichana usoni, akamtazama Susana, akamtazama Javan na kamera yake yenye plasta. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

"Nileteeni kiti cha katikati," alisema. "Na viatu vyangu. Na yule dereva, kama yuko karibu, mwambieni akae mbali."