Cheche Gizani

Rafiki yangu, fundi wa magari, hajaisahau asubuhi ile. Mama yake alikuwa kwenye kiti cha nyuma, akihema kwa shida, na gari lao kuukuu lilikataa kuwaka wampeleke hospitali. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye injini, akafunga mlango wa gereji ili aione cheche vizuri.

“Dada, piga stata!” akamwambia dada yake aliyekuwa kwenye usukani.

Injini ilizunguka, cheche hakuna. Walirudia mpaka betri ikafa kabisa.

“Fundi wa watu wote, gari la mama limekushinda,” dada akasema kwa uchungu, akachomoa ufunguo.

Kukawa kimya. Hata mama hakusikika tena akihema.

Ndipo plagi ikalia mkononi mwa rafiki yangu: tak... tak... Cheche za buluu, polepole, kwa mwendo uleule aliokuwa akihema nao mama.