Sumaiya Nyuma ya Majabali

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Agape alichota maji kwenye bomba la jirani, akafagia uwanja, kisha akampelekea bibi yake uji kitandani. Mvua ilikuwa haijanyesha Same kwa muda mrefu. Vumbi liliingia hadi vyumbani, na Milima ya Upare ilionekana kwa mbali kama kivuli. Bibi Koleta alikuwa hawezi kuinuka tangu apooze upande mmoja.

Aliposikia kwamba klabu ya mazingira ya shule itatembelea hifadhi ya taifa iliyo pwani, alimshika mjukuu wake mkono.

"Mimi bahari sijawahi kuiona, Agape. Niletee hata kombe nilishike."

"Nitakuletea, bibi."

Wanafunzi walitarajia mchanga mweupe kama ule wa kwenye kalenda. Lakini sehemu waliyopelekwa ilikuwa ya majabali meusi yenye ncha kali, na mikoko iliyosimama kwenye matope. Hapakuwa na wageni wengine. Mawingu yalikuwa mazito, na bahari ilikuwa na rangi ya majivu.

Askari wa hifadhi, Afande Salha, aliwakusanya. "Hakuna ruhusa ya kuokota kitu hapa, hata kombe moja," alisema. "Na msivuke yale majabali makubwa. Maji yameanza kujaa. Yakifika pale, njia ya kurudi hakuna."

Agape alinyong'onyea. Wenzake walipokuwa wakielezwa habari za mikoko, alimvuta kando rafiki yake Sumaiya.

"Twende nyuma ya majabali mara moja. Bibi anaumwa, nimemwahidi."

"Na maji je?" Sumaiya aliuliza.

"Tunarudi sasa hivi."

Nyuma ya majabali makombe yalikuwa mengi. Agape alipookota moja, alisikia yowe. Sumaiya alikuwa ameteleza, na mguu wake ulikuwa umenasa katika ufa wa mwamba. Agape alimvuta kwa nguvu zake zote, lakini mguu haukutoka, na Sumaiya alizidi kulia kwa maumivu.

"Kamwite mwalimu! Kimbia!"

Agape alikimbia. Alipofika, Mwalimu Tumainieli alikuwa tayari amegundua kwamba wawili hawapo.

"Agape! Sumaiya yuko wapi?"

Agape alimtazama mwalimu, akamtazama na afande. Alilificha kombe nyuma ya mgongo. Aliona atachapwa na kufukuzwa kwenye klabu mbele ya wote.

"Alisema anakwenda kwenye basi, mwalimu."

Basi lilikuwa limeegeshwa mbali, ng'ambo ya mikoko. Mwalimu na afande wakaelekea huko haraka. Agape alidhani atawahi kurudi na kumtoa rafiki yake mwenyewe. Lakini alipofika kwenye majabali, njia waliyopita ilikuwa imefunikwa na maji. Kutoka upande wa pili alisikia sauti nyembamba ikiita, "Agape! Agape!"

Kombe lilimponyoka. Aligeuka, akawakimbilia wakubwa huku akipiga kelele.

"Nimedanganya! Sumaiya yuko nyuma ya majabali! Amenasa!"

Afande Salha aligeuka mbio. Alichukua kamba kwenye gari la doria, akajifunga kiunoni, mwalimu na dereva wakashika ncha ya pili. Mawimbi yalimpigiza kwenye mawe mara kadhaa kabla hajavuka. Alimkuta Sumaiya maji yakiwa shingoni, ameacha hata kulia. Alipomtoa, mikono yake mwenyewe ilikuwa ikivuja damu, na mguu wa mtoto ulikuwa umevunjika.

Katika safari ya kurudi Same, Agape alikaa peke yake ndani ya basi, bila kombe la bibi. Sumaiya alikuwa amebaki hospitali.

Aliporudishwa nyumbani, mguu ukiwa kwenye plasta, Agape alikwenda kumwona. Sumaiya alikuwa ameugeukia ukuta.

"Nisamehe, Sumaiya."

"Nilikuita sana," Sumaiya alisema. "Nilidhani umeniacha nife."

Agape alilia. Sumaiya alimgeukia. "Kesho njoo na daftari la hisabati," alisema taratibu. "Nimeachwa nyuma."

Nje, Mama Sumaiya alikuwa akichambua mchele. Agape alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliyemshawishi. Na nilidanganya."

"Marahaba. Mwalimu amenieleza." Mama aliweka ungo chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kwenda kule lilikuwa kosa la utoto, na Sumaiya naye alikuwa na miguu yake. Lakini ulipoulizwa, maji yalikuwa bado hayajafunga njia. Neno moja la kweli lingemtoa mwanangu mapema. Uliogopa fimbo, Agape, na fimbo huuma siku moja tu. Ukikosea tena, sema hapo hapo, hata kama unatetemeka. Mimi nusura nimzike mtoto kwa sababu ya uongo mdogo."

"Nitasema, mama," Agape alijibu.

"Haya, inuka. Kesho usisahau hilo daftari."