Betri Iliyokwenda Matangani

Kila jioni Khairunisa alipotoka shuleni alipitia saiba, duka la intaneti la shangazi yake, Zulekha, karibu na msikiti wa Kitale. Alifagia chini ya meza, akapangusa vumbi kwenye skrini, kisha akachukua simu ya shangazi na kumpigia binamu yake Hamid kule Bungoma. Kazi ya kupiga simu ilikuwa yake peke yake, naye aliringa nayo sana. Katika darasa la saba lote, nani mwingine alikuwa na kazi ya maana hivyo?

Mwaka huo, 2009, kulikuwa na habari kwamba shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani lingefungua mlango ili watu waombe miisho mipya ya anwani, yale maneno yanayokaa mwishoni baada ya nukta. Wengi walisema hayo ni mambo ya matajiri wa ng'ambo. Zulekha aliwacheka. Yeye na kaka yake Sharif, mwenye duka Bungoma, walitaka kuomba mwisho wa "elgon", jina la mlima wao, ili kila shule na kila chama cha wakulima, kutoka Endebess hadi Bungoma, kiwe na jina la nyumbani. Atakayekubaliwa ndiye atakayetunza majina hayo yote. Mtu yeyote duniani akiuliza jina fulani liko wapi, kompyuta zake ndizo zitakazomjibu.

Kwa hiyo kompyuta hizo hazikutakiwa kuzimika zote kwa wakati mmoja. Moja iliwekwa Kitale, nyingine dukani kwa Sharif, na kwa sababu ya mgao wa umeme, stima ikipotea kila mara, ile ya Bungoma iliwekewa betri kubwa. Hamid, mwana wa Sharif, aliitunza betri. Khairunisa aliuliza habari zake kila siku na kumpasha shangazi. Jumamosi angekuja Madam Rahab, injinia wa kampuni moja ya Nairobi, kuzijaribu kompyuta hizo. Kampuni yake isingekubali kusimama nao kama mdhamini, ombi lisingekuwepo.

Ijumaa jioni wasichana walikuwa wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, nje ya saiba, na zamu ya Khairunisa ilikuwa imekaribia. Alipiga simu akiwa mlangoni, jicho lake likiwa kwenye mpira.

"Sasa Hamid. Betri iko?"

"Iko, lakini..."

"Iko ama haiko? Wananingoja, bana!"

"Si nakwambia iko, lakini kuna..."

"Basi iko. Bye!"

Akakata. "Anti, betri iko sawa," akasema, akatoka mbio kwenda kuruka mpira.

Jumamosi, Khairunisa akiwa saiba, Madam Rahab alifika, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alitoa kompyuta yake ndogo, akaandika jina la majaribio, kisha akasema, "Zimeni hii ya Kitale. Tuone kama ya Bungoma itajibu."

Zulekha akazima. Wakangoja. Skrini ilikaa vilevile, haikujibu kitu. Rahab akajaribu tena. Kimya.

Zulekha akampigia Sharif simu. "Kaka, mbona hakuna jibu huko?"

"Stima imepotea tangu asubuhi," Sharif akasema. "Lakini usijali, ni network tu inasumbua."

Rahab aliyasikia maneno hayo. Uso ukamkunjamana. "Network? Haya, ingieni kwenye gari. Twende tukaione hiyo network."

Njia nzima kila mmoja alijua kwamba stima ikipotea, betri ndiyo ilipaswa kuendesha kompyuta. Khairunisa alikuwa amefura kwa hasira. Miezi yote ile ya kupiga simu, na leo Hamid amewaaibisha mbele ya mgeni! Alianza kupanga maneno ya kumwambia, na kadiri walivyokaribia Bungoma maneno yalizidi kuwa makali.

Dukani kwa Sharif hawakuhitaji kuuliza. Kompyuta ilikuwa imezimika, na pale betri ilipokuwa ikikaa palibaki alama safi tu katikati ya vumbi. Hamid alisimama kando, macho chini.

"Betri iko wapi?" Zulekha akauliza.

"Kwa jirani yetu Mama Wilkista, anti. Wamefiwa na baba yao. Walikuja Alhamisi kuomba betri ya kuwasha taa matangani, na baba yangu alikuwa ameenda Kimilili. Singeweza kuwaambia wakeshe gizani."

"Na hukusema!" Sharif akanguruma. "Unaniacha mimi nasema network!"

Khairunisa akalipuka. "Mwongo wewe! Jana nilikuuliza, ukaniambia iko! Umetuharibia kila kitu!"

Hamid aliinua kichwa, akamtazama. "Lakini nili..."

"Nyamaza!" Sharif akamkata. "Kuanzia leo sitaki uguse kompyuta hii tena!"

Hamid akanyamaza. Akarudi kando, machozi yakimlenga. Khairunisa akalikumbuka lile "lakini" la Hamid kwenye simu. Ni yeye na Hamid tu waliojua mazungumzo ya jana yalivyokuwa. Akinyamaza, hakuna atakayemuuliza. Hasira yake yote aliyoileta kutoka Kitale ilikuwa bado inachemka, ila sasa hakujua aimwage wapi, kwa sababu aliyestahili kumwagiwa alikuwa yeye mwenyewe.

"Anko, usimgombeze peke yake," akasema. "Jana alitaka kuniambia. Alisema iko, lakini. Mara mbili alisema lakini. Mimi nikamkatia simu. Nilikuwa na haraka ya kucheza kati."

Zulekha akamgeukia. "Nini? Ukaniambia iko sawa?"

"Nilikudanganya, anti. Sikumsikiliza."

"Nilitaka kusema iko, lakini imeenda matangani. Na mimi nilipaswa kupiga tena," Hamid akasema polepole. "Niliogopa baba atanigombeza."

Hapo Madam Rahab akalipuka, na hakumsaza mtu. "Mnanishangaza! Mnaomba kazi ya kuijibu dunia nzima, na nyinyi kwa nyinyi hamwezi kuambiana ukweli? Betri kwenda matangani si kosa. Hata mimi ningeitoa, kisha ningepiga simu kusema imetoka. Wewe, binti, ulitaka kusikia neno moja tu. Wewe, kijana, ulikubali kunyamazishwa. Na wewe, Bwana Sharif, mtu mzima, unatunga habari za network bila kuangalia! Watoto watajifunza wapi?"

Sharif akainamisha kichwa. "Samahani, madam. Nimekosea. Na wewe Hamid, nisamehe."

Rahab akapumua kwa nguvu. "Mngeendelea kunidanganya, saa hii ningekuwa njiani kurudi Nairobi. Msichana huyu amewaokoa. Nitalala hapa Bungoma. Kesho tujaribu mara moja tu."

Jioni ile wana wa Mama Wilkista waliileta betri wenyewe, wakishukuru, maana walikuwa wamekwisha kumzika baba yao. Stima iliporudi, Hamid akaiweka kwenye chaji. Zulekha na Khairunisa wakarudi Kitale.

Jumapili asubuhi Khairunisa alishika simu. Zulekha alikuwa ameweka kidole kwenye swichi.

"Hamid, niambie unachokiona."

"Betri iko mahali pake. Imejaa, lakini..."

Nje wasichana walikuwa wakimwita aje acheze. Khairunisa akaibana simu sikioni. "Lakini nini? Nakusikiliza."

"Lakini waya mmoja umelegea. Ngoja baba aukaze."

Wakangoja. Zulekha akaondoa kidole kwenye swichi.

"Sasa umekazwa. Baba ameuangalia tena, na kompyuta inaendeshwa na betri. Zimeni."

Zulekha akazima. Mara simu ikajaa vigelegele vya kina Hamid, na sauti ya Madam Rahab ikasikika juu yao: "Bungoma imejibu! Mwambie shangazi yako kampuni itasimama nanyi."

Zulekha alimkumbatia Khairunisa, halafu akamshika mabega akamkazia macho, kwani hasira ya jana ilikuwa haijamtoka yote. "Leo ungekata simu mapema tungeaibika mara ya pili. Ukimuuliza mtu jambo, kaa usikie jibu lake mpaka mwisho, hata kama hulipendi. Na usilete kwangu neno ambalo hujalihakikisha. Umesikia?"

"Nimesikia, anti."

"Haya, nenda kacheze."

Khairunisa hakuondoka. Alirudisha simu sikioni. "Hamid, bado uko? Juzi nilipokukatia simu, ulikuwa unataka kuniambia nini kingine?"