Marahaba ya Zefania

Kaka yangu Zefania alikuwa na tabia ya kutembea tu. Si kuchunga, si kutafuta kuni, kutembea. Hapa Singida mtu wa hivyo anashangaza, na mimi nilimwambia wazi kwamba ananitia aibu. Lakini nilijua kinachomtembeza. Mkewe, Lea, alikuwa ameshafariki, na hawakujaliwa mtoto. Kisha mwaka tisini na nne kiwanda alichofanyia kazi kikachukuliwa na mtu binafsi, wafanyakazi wakapunguzwa, wenzake wote wakatawanyika kutafuta maisha. Mjini mitumba na redio mpya vilijaa mpaka barabarani, yeye hana wa kuzungumza naye. Basi kila Jumapili baada ya ibada alizunguka ziwa Kindai, akapanda majabali, akakaa kule juu peke yake kutazama heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, mpaka jua lipungue.

Majabali yale yana mwiko. Tulipokuwa wadogo tukichunga mbuzi, Zefania mwenyewe ndiye aliyenifundisha: ukisalimiwa pale, usiitikie kabla hujaona uso. Wakikuita mwenye kiburi, wakuite.

Jumapili moja alikuja kwangu amechangamka. Nilidhani amepata kazi. Akasema kuna mtoto amemwamkia kutoka kwenye mwanya wa majabali, mchana kweupe, naye ameitikia marahaba.

"Ulimwona?" nikamuuliza.

"Shikamoo ya mtoto unaiachaje, Martina? Tangu lini mimi naamkiwa?"

Nilimgombeza sana. Halafu nikageuka nikamtengea chai, maana nilitaka kulia. Miaka yote ile hakuna aliyemwamkia asubuhi ndani ya nyumba yake.

Akaanza kwenda kila siku. Akawa anacheka peke yake. Suruali zake zikaanza kuburuzika chini, makatambuga yakawa yanamvuka miguuni, akayaacha. Nikadhani ni njaa. Lakini njaa haimfupishi mtu.

Nikamfuata kwake, nikamwambia afungashe ahamie kwangu siku hiyohiyo. Nilimsihi, mimi ambaye sijui kusihi. Sikuwa na ndugu mwingine duniani.

"Nikihama," akanong'ona, "atanikuta wapi?"

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka atoke kule, basi, kwa njia yoyote. Nikamjibu, "Basi mje wote."

Akatabasamu. Akasema kesho atamwambia, kisha atakuja.

Asubuhi nikapiga deki, nikamtandikia kitanda, nikachemsha chai. Chai ikapoa. Saa nane mchana nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda Kindai.

Juu ya majabali hapakuwa na mtu. Niliita. Upepo tu. Nikashuka kando ya ziwa, kwenye tope jeupe la magadi, na hapo nikaona nyayo. Jozi mbili, zimeongozana. Moja ya kaka yangu, naijua, kidole gumba cha kushoto hakikuwepo. Nyingine ya mtoto.

Nikazifuata. Baada ya hatua ishirini, nyayo zote zilikuwa sawa. Nikasimama. Nikaendelea. Za kaka yangu zilikuwa zinapungua. Za mwenzake zinapanuka. Mbele kidogo, zile zisizo na gumba zilitosha kiganja changu. Kisha alama za magoti na mikono, za kutambaa. Kisha hamna.

Zilibaki zile kubwa. Zilikuwa zimezama zaidi, za mtu aliyebeba kitu. Hazikurudi majabalini. Zilielekea mjini.

Nilikimbia. Mwanamke mzima, khanga imeanguka, sijali. Barabarani tope lilikuwa limeachwa kidogo kidogo, mpaka kwenye uchochoro wetu, mpaka mlangoni kwangu.

Kufuli lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Nikafungua.

Sakafu niliyopiga deki ilikuwa na tope jeupe, bado bichi. Nyayo zilikwenda mpaka kitandani, zikasimama. Za kurudi hazikuwepo. Chumbani hapakuwa na mtu.

Nikaangalia kitanda nilichomtandikia kaka yangu. Katikati ya shuka palikuwa pamebonyea kidogo tu, urefu wa mtoto mchanga.

Nikapagusa. Palikuwa na joto.