Mkwe Ambaye Emorut Alimjua Sana

"Emo, baba ametuacha."

Sauti ya Nanjala kwenye simu ilikuwa imekauka. Emorut alikuwa ofisini kwake Malaba, akingoja lori la mteja livuke kutoka Uganda.

"Pole sana, mpenzi. Pole kabisa."

"Utakuja mazishi?"

Jamani, hata hapo alitafuta kisingizio!

"Unajua baba yako alikuwa mkali. Na watu wake pia..."

"Mkali? Ulimwona wapi?"

"Si lazima nimwone. Wazee wa huko Funyula nawajua."

Miaka mitano waliishi pamoja, wakapata na mtoto, Vivianne, na kila Krismasi Nanjala alimbembeleza waende kwao hata kwa chai tu. Emorut alikataa, Nanjala akaenda na mtoto tu. Mzee Oundo, babake Nanjala, angemtukana, angemwita mwizi wa binti, angemfukuza mbele ya majirani. Yote hayo aliyajua akiwa amekaa kwenye kochi lake.

"Nimechoka, Emo. Kuja ama usikuje. Lakini usipokuja, mimi na Vivianne tunabaki huku kwetu."

Akakata simu.

Siku ya mazishi Emorut alifika, amejiandaa kwa matusi. Lazarus, kaka yake Nanjala, ndiye aliyempokea.

"Shemeji, umefika. Njoo ukae huku mbele na sisi."

Hakuna aliyemtukana. Hilo lilimuuma zaidi.

Wakati wa kutoa heshima za mwisho, alisimama na Nanjala, aliyembeba Vivianne, kando ya jeneza. Alitarajia jitu. Aliona kizee chembamba, masikio yametokeza, yale yale ya Vivianne.

"Kumbe alikuwa mdogo hivi?" alinong'ona.

"Na mpole."

"Si angenifukuza?"

"Kila Krismasi alikuwa anavaa viatu, anakaa hapo nje anakungoja. Na baba hakuwa mtu wa viatu. Jioni anavivua, ananiambia, 'Labda kazi imemshika.'"

Nanjala akainama.

"Baba, huyu ndiye Emorut. Emo, huyu ndiye baba."

"Mzee... nimekuja," Emorut alisema, na machozi yakamshinda.

Nanjala hakumfuta. Alimtazama tu, macho yamechoka kulia na kusubiri.

"Kesho tutarudi wote Malaba?" Emorut akauliza.

"Usiniulize ya kesho. Chukua mtoto, mikono yangu imeisha nguvu."

Akampokea Vivianne, akambeba begani, wakafuata jeneza pamoja hadi kaburini.